Mgeni Aliyepewa Jembe

Paukwa!

Pakawa!

Nyie mliokaa nyuma mmekula gundi? Paukwa!

Pakawa!

Nina nyumba yangu, mlango wake mwekundu. Ndani mna watwangaji thelathini na wawili, wote kanzu nyeupe. Wanatwanga kutwa na hawali. Nyumba gani?

Kinywa!

Ahsanteni. Basi fungeni vinywa, fungueni masikio. Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, na chuoni nilitoka na alama za bakora nyingi kuliko herufi. Nikikosea mtanisahihisha. Ila hadithi hii naijua vyema, maana imenipitia hapahapa, kinywani. Mtaona mbele.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo kuku alikuwa bado anayatafuta meno yake, paliondokea mtu katika mji wa Pandakuu. Jina lake Vuai. Kazi yake kupiga zumari maharusini.

Na alikuwa akipiga! Akipuliza mara moja, wacheza ngoma wanasimama. Akipuliza mara mbili, watazamaji wanatikisika. Akipuliza mara ya tatu, hata bibi vizee wenye magoti ya kuuma wanauliza, "Jamani, fimbo yangu iko wapi, nami nikaone?"

Vuai alikuwa na mke, Mize, na binti mmoja tu, Mwanakheri. Siku alipozaliwa binti huyo, Vuai alimwadhinia sikioni, kisha akamnong'oneza neno la pili: "Mwanangu, Mungu akitupa uhai, siku utakayotoka nyumbani kwangu kwenda kwa mumeo, nitakutoa kwa zumari hii, kwa pumzi yangu mwenyewe. Hapigi mwingine." Akaiweka nadhiri hiyo. Na nadhiri, mnajua, ni deni kwa Mola.

Tena Vuai alikuwa mkarimu. Mlango wake haukuwa na komeo. Mgeni akija anakula. Mgeni akilala analazwa kitandani, mwenyewe Vuai analala chini. Mtu akimwambia, "Bwana Vuai, wageni watakumaliza," anajibu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hajapata kumfukuza mgeni. Shikeni neno hilo, tutalihitaji.

Sasa, Pandakuu walikuwa na desturi. Mpiga zumari akimaliza, mama wa harusi humjia na sinia la halua. Hakupi mkononi, la! Anakata donge kama ngumi ya mtoto, anakulisha kwa mkono wake mbele ya watu. Hiyo ndiyo heshima. Ukiitema ni tusi. Na Vuai yeye aliongeza lake, kwa mapenzi tu: alikuwa hasukutui baada ya halua, hapigi mswaki. "Utamu wa harusi ni baraka," anasema. "Nauacha ulale kinywani mpaka asubuhi."

Mize kila akimwona anajinyoosha kitandani, humfuata na mswaki wa mti, ncha ameshaitafuna ikawa nyuzi laini.

"Mume wangu, fagia kinywa."

"Kesho, mke wangu."

"Kesho ina wenyewe."

"Basi alfajiri, nikitawadha."

Mize hushusha pumzi, akauchomeka mswaki kwenye makuti juu ya mlango. Ukakaa huko ukikauka.

Na alfajiri alisukutua kweli? Alisukutua. Lakini maji yaliingia kinywani yakatoka mbio, kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Msimcheke. Mimi pia nimetawadha hivyo, baridi ikiniuma na kitanda kikiniita, na Mwenyezi Mungu ananijua. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, aliupenda mswaki, nasi tunampenda Mtume, ila mkono wetu mzito.

Twendeni mbele.

Msimu wa kwanza wa harusi, Vuai amelala na halua yake, akasikia sauti nyuma ya gego la mwisho. Aliisikia yeye peke yake, maana kinywa na sikio ni majirani.

"Hodi hodi, wenyewe!"

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Mimi Masazo. Kile chakula kinachobaki watu wakishakula, ndiye mimi. Nimetoka harusini, miguu inaniuma. Godoro ninalo, la sukari. Nipe pembe tu nilale."

Vuai akasema, "Pembe? Kwa Vuai mgeni hapewi pembe. Chukua chumba kizima!"

"Fagia kinywa," akasema Mize.

"Kesho," akasema Vuai.

Siku za Masazo si kama siku zetu. Msimu mzima kwake ni siku moja. Ukaja msimu wa pili.

"Hodi hodi, mwenyeji! Leo nimekuja na jamaa zangu. Huyu ni Bwana Kashata. Yule ni Bi Tende. Na hawa wadogo ni watoto wa Chai ya Sukari, wasikushughulishe, wanapenda kucheza mbele, kwenye fizi."

"Karibuni! Penye wengi pana Mungu."

"Fagia kinywa," akasema Mize.

"Kesho," akasema Vuai.

Ukaja msimu wa tatu. Vuai akahisi kinywa kimejaa. Harufu nayo ikaanza. Mize akawa analala ameelekea ukutani, kwa adabu, anasingizia joto. Vuai akaona, sasa wageni hawa wamezidi. Kuwafukuza hawezi. Akakumbuka maneno ya wahenga, akacheka, akasema kwa mzaha:

"Jamaa zangu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo ni siku ya tatu. Haya, shikeni majembe."

Lahaula! Alimaanisha waone haya waondoke. Kwani mgeni mwenye haya akisikia jembe si anatafuta viatu vyake?

Masazo akasimama juu ya godoro lake la sukari. Akainama kwa heshima.

"Ahsante sana, mwenyeji. Neno hilo ndilo tulilokuwa tunalingoja. Sisi watu wa adabu, hatulimi shamba la mtu mpaka atukabidhi jembe mwenyewe."

Wakaanza kulima. Nao walilima kwa wimbo. Mnipokee:

*Lima, lima, taratibu,*
*Mwenye nyumba hana tabu!*
*Lima, lima, gego laini,*
*Mfagio u makutini!*

Tena!

*Lima, lima, gego laini,*
*Mfagio u makutini!*

Hee! Mnauimba vizuri mno mpaka naogopa.

Wakalima siku ya kwanza, gego likaingia doa jeusi. Wakalima ya pili, doa likawa shimo. Wakalima ya tatu, wakaufikia uhai wa gego huko ndani. Vuai akaruka kitandani kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mize! Mize wee! Nakufa!"

"Hufi. Fungua nione." Mize akachungulia na kibatari. "Subhanallah. Vuai, humu mnaweza kufichwa bisi."

Akamtilia karafuu. Maumivu yakatulia, yakarudi. Akamsukutulisha maji ya chumvi. Yakatulia, yakarudi. Akamfunga kilemba cha taya. Yakatulia, yakarudi yamekasirika.

Na katika siku hizohizo, posa ya Mwanakheri ikajibiwa. Harusi baada ya siku hamsini na tano.

Vuai akaenda kwa tabibu wa meno, Mzee Nassibu. Mzee huyo akatazama, akagonga gego kwa kidole, Vuai akamwita mama yake aliyekufa zamani.

"Hili limekwisha," akasema tabibu. "Ungekuja msimu wa kwanza, tungeliokoa." Akaling'oa, akampa mkononi limefungwa katika kitambaa.

Sasa sikieni alichokifanya mtu mzima na ndevu zake. Mnajua mtoto akitokwa na jino la utotoni tunamwambiaje? Alitupe juu ya paa, aombe jipya. Vuai akafika nyumbani, akazunguka nyuma ili asionekane, akalirusha gego juu ya makuti.

"Paa, paa, twaa hili bovu, nipe jipya."

Siku ya kwanza akatia kidole penye pengo. Hakuna. Siku ya pili akatia kidole. Hakuna. Siku ya tatu Mwanakheri akamkuta mbele ya kioo, kinywa wazi, kidole ndani.

"Baba, unatafuta nini?"

"Hhh."

"Toa kidole kwanza, baba."

"Namtazamia mgeni," akasema Vuai. "Nililitupa juu ya paa."

Mwanakheri akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaona uso wa baba yake, akaacha kucheka. Akamshika mkono, akamrudisha kwa tabibu, kama yeye mzazi na baba ndiye mtoto.

Tabibu akamwambia, "Bwana Vuai, Mwenyezi Mungu anatupa meno mara mbili. Ya utotoni, na haya. Hakuna mara ya tatu. Paa utalitazama mpaka livuje." Akamfunua mdomo wa juu. "Na hizi fizi zimevimba, zinatoa damu. Jino hili la mbele linacheza. Ukiendelea kulala na halua, yatafuata haya ya mbele."

"Na zumari?"

"Zumari utaipulizia wapi? Midomo isiyo na meno nyuma yake ni mlango usio na fremu."

Vuai akarudi nyumbani, akangoja kidonda kipone, akaitwaa zumari. Akajaza mashavu, akapuliza. Jino likacheza, fizi zikauma, pumzi ikatorokea pembeni. Ikatoka sauti ya mbuzi anayemwita mama yake. Akajaribu tena: mbuzi. Mara ya tatu, mbuzi wa jirani akaitikia.

Mwanakheri alikuwa uani anachambua mchele. Akasema polepole, bila kuinua kichwa, "Baba, si neno. Yupo mpigaji kijiji cha pili. Tumwite yeye."

Kwa upole alisema, na kwa mapenzi. Lakini neno lile lilimuuma Vuai kuliko gego. Akakaa kizingitini, akalia. Mwanamume anaweza kulia, msitazamane.

Mize akaja akakaa kando yake.

"Mke wangu, nimejiharibia mwenyewe. Uliniambia mara ngapi? Nami kila mara kesho, kesho. Sasa hao wageni nitawatoaje? Mimi Vuai nimfukuze mgeni? Nimewakaribisha kwa kinywa changu!"

"Kwa kinywa chako, ndani ya kinywa chako," akasema Mize. Akafikiri kidogo, akaanza kutabasamu. "Hebu niambie. Mama yangu alipokuja kututembelea akakaa miezi miwili, ulimfukuza?"

"Astaghfirullah! Mama mkwe? Hata kidogo."

"Hata kidogo. Lakini siku moja nilikuona asubuhi unafagia chumba chake. Na jioni ukafagia. Ukainua na godoro, ukafagia chini yake. Kesho yake tena."

Vuai akatazama vidole vya miguu. "Nilikuwa nafagia tu."

"Naam. Na siku ya nne mama akafunga mzigo wake, akaaga kwa heshima, na hakuna aliyemfukuza."

"Ulijua?"

"Tangu siku ile najua. Nilinyamaza kwa kuwa chumba kilipendeza." Mize akainuka, akautoa mswaki makutini. Ulikuwa umekauka kama msumari. Akautupa, akakata mbichi, akaitafuna ncha mpaka ikawa nyuzi. "Basi hakuna kumfukuza mgeni, mume wangu. Fagia kwako."

Vuai akaufagia mlango. Akaufagia ukumbi. Akafika uani, kwenye magego, mahali asipopajua tangu uvulana. Akatema: damu.

"Mize! Damu! Naacha!"

"Nyumba haijafagiwa misimu mitatu, unataka isitoe vumbi? Polepole. Huo si uwanja wa ng'ombe, ni fizi. Ya juu yafagie kwa kushuka, ya chini yafagie kwa kupanda. Na ndani, upande wa ulimi, usipasahau."

Masazo akaamka. "Mwenyeji! Vipi tena? Unatufukuza?"

"Hasha!" akasema Vuai, mswaki mdomoni. "Nani amfukuze mgeni? Nafagia tu. Inua godoro."

Akafagia asubuhi. Baada ya chakula cha mchana akasukutua kwa utulivu, maji yakazunguka nyumba nzima, yakasalimia kila chumba. Na kabla ya kulala, hapo ndipo penye kazi, akafagia tena. Kisha akafunga mlango. Hakuna kuonja kitu, hata punje ya tende.

Siku ya kumi, fizi hazikutoa damu. Bwana Kashata akanung'unika, "Mwenyeji, vumbi limezidi."

"Nafagia tu. Inua godoro."

Siku ya ishirini, watoto wa Chai ya Sukari wakalia njaa, maana Vuai chai yake sasa aliinywa kwa sukari kijiko kimoja. "Mwenyeji, hatupakuliwi?"

"Bado nafagia. Inueni godoro."

Siku ya thelathini, Masazo akasimama na jembe begani.

"Mwenyeji, mimi nimekaa nyumba nyingi. Hii haikaliki."

"Unaondoka mapema hivyo? Kaa, basi, mpaka nifagie jioni."

"Ahsante, nimeshiba hayo. Kwaheri."

"Karibu tena!"

"Siji."

Siku ya arobaini, Mwanakheri akiwa chumbani anapakwa hina, akasikia kutoka uani pumzi ikijaa. Kisha zumari. Mbuzi wa jirani akainua kichwa, akasikiliza, akanyamaza. Mwanakheri akanyoosha mikono yake mbichi ya hina, akamwambia mpakaji, "Subiri, dada, subiri kidogo," akafumba macho.

Sasa harusi yenyewe. Sogeeni.

Bi Jokha, mama wa bwana harusi, akaja na jamaa zake kumchukua bibi harusi. Vuai akamtoa mwanawe chumbani kwa zumari, akampitisha ukumbini kwa zumari, akamfikisha kizingitini. Pale akapumzika, maana siku ya kumtoa bibi harusi desturi inataka halua iliwe hapo. Na Bi Jokha akajitokeza. Na sinia. Na juu ya sinia, halua ya rangi ya zabibu, inang'aa kwa samli.

Akakata donge. Lile lilikuwa ngumi ya mtu mzima.

"Fungua kinywa, mkwe wangu. Leo utakula heshima yako."

Mize akaiuma ncha ya kanga. Vuai akikataa, atawatukana wakwe siku ya kwanza. Akikubali, halua italala, na Masazo yule hata jembe hajalitua!

Vuai akafungua kinywa. Akalishwa. Akatafuna, akameza, akafuta ndevu.

"Bi Jokha, mkono wako mtamu. Mungu akuzidishie." Naye kweli akasikia kasauti nyuma ya meno: *Hodi hodi…* Akatabasamu. "Sasa, mkwe wangu, umenipa heshima moja, naomba ya pili. Nipatie maji na bakuli la kutemea."

Minong'ono ikavuma. Mmoja akasema, "Toba! Atatema heshima ya watu!"

"Heshima nimeimeza," akasema Vuai kwa sauti. "Iko moyoni, haitoki. Haya yaliyobaki menoni si heshima, ni masazo. Nayo yakilala hushika jembe. Jamaa, mimi nimekosa. Misimu mitatu nilikuwa mvivu, nikauita uvivu wangu baraka. Kidogo nivunje nadhiri ya mwanangu kwa donge la halua. Nimekiri mbele yenu, Mungu anisamehe."

Maji yakaletwa. Akasukutua, akatema. Akapapasa mfuko wa kanzu. Mswaki? Hana! Kanzu mpya, mfuko mpya, mswaki umebaki kwenye ile ya zamani.

Na hapo, watoto wangu, bibi harusi, ambaye haruhusiwi kusema, haruhusiwi kucheka, haruhusiwi kuinua uso, akatoa mkono chini ya shiraa, ile nguo iliyomfunika mwili mzima. Mkono wenye hina hadi kifundoni. Kati ya vidole viwili ameshika mswaki mbichi, ncha imeshatafunwa nyuzi, umefungwa uzi wa asumini.

Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na walio karibu wanasema alikuwa anacheka.

Vuai akaupokea. Akafagia mlango, ukumbi na uani, pale pale mbele ya watu wote. Bi Jokha akatazama, akaanza kupitisha ulimi kwenye magego yake mwenyewe, akifikiri. Kisha akanyoosha mkono. "Bakuli hilo, mkwe, ukimaliza nipe na mimi."

Vuai akainua zumari. Akajaza mashavu, yote mawili, hakuna lililouma. Akamtoa mwanawe kwa pumzi yake mwenyewe, njia nzima, kona kwa kona, mpaka mlangoni kwa mumewe. Na Mize nyuma yake alitembea karibu, karibu sana, na hakusingizia joto.

Tangu siku hiyo, sinia la halua la Pandakuu halitoki peke yake. Likitoka sinia, linafuatwa na birika la maji, bakuli na fungu la miswaki. Na bibi harusi akifungiwa mzigo wake, kitu cha juu kabisa ni mswaki.

Na mimi je? Njooni na taa, nifungueni mdomo. Mnaliona pengo hilo, nyuma kushoto? Nilipoanza kuisikia hadithi hii kwa bibi yangu, palikuwa na gego hapo. Nikaisikia, nikaipenda, nikalala bila kufagia. Mungu anisamehe. Ndiyo maana nawahadithia kabla ya kulala, na mlango wa kwenda kisimani nimeuacha wazi.

Hadithi yangu nimeisukutua, nimeitema nje ya kizingiti. Ikiwa na utamu, usibaki menoni, ushuke moyoni kwenu. Ikiwa na uchungu, mniachie mimi, nitautia karafuu. Inukeni, miswaki iko makutini, na kila mmoja akirudi anionyeshe uani kwake.

Paukwa?

Pakafagiwa!